Mgeni Aliyeijua Sumu Yangu

Usiniulize kama niliota. Nilikuwa macho, na jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya Shauri Moyo.

Nilifuga kuku nyuma ya nyumba, na panya walikuwa wakinimalizia vifaranga. Jirani yangu, fundi seremala, alinitania kwamba ninafuga panya na kuku ni kitoweo chao. Akanishauri niinue banda juu ya nguzo, nizivike mabati ili wasipande, na nisiache chakula kikilala nje. Nilimwambia sina nafasi ya mapambo. Nikanunua sumu, nikaificha chini ya godoro. Sikumwambia mtu, kwa sababu mama yangu alinifundisha kwamba panya akisikia anatajiwa mtego hanaswi nao kamwe.

Jioni hiyo kuku wote walinyamaza kwa pamoja. Umewahi kuwasikia kuku wakinyamaza? Nilipoinua macho, mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama langoni, amevaa koti la kijivu. Hakuwa amebisha.

“Mama Nduku,” akasema kwa upole, “ile dawa iliyo chini ya godoro usiitumie. Nina watoto wadogo.”

Nilimjibu kwamba kila mtu na alee wake.

“Na wewe unaye mmoja,” akasema, akilitazama dirisha.

Ndani alilala Mwende, mtoto wa binti yangu, ambaye hata kutembea alikuwa hajajua. Niligeuka kumtazama. Niliporudisha macho langoni, hapakuwa na mtu. Je, niliogopa? La, nilikasirika. Nikaichanganya sumu na ugali, nikafinyanga matonge kumi na moja, nikayatega kando ya banda.

Alfajiri sikukuta panya aliyekufa, wala tonge lililobaki. Nilirudi ndani. Niamini ninachokwambia: matonge kumi yalikuwa yamepangwa kitandani kumzunguka Mwende, na la kumi na moja alilishika kiganjani, amelifumbata. Nilivikunjua vidole vyake kimoja kimoja. Hakuwa amelitia kinywani.

Fundi alijenga banda jipya juu ya nguzo siku hiyohiyo. Mwende sasa ni msichana mkubwa, ndiye anayeniandikia haya. Akiosha vyombo, panya humpita juu ya miguu, naye hashtuki.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mgeni akija kuwaombea watoto wake, usimjibu kwa ukali. Nenda kwanza ukamtazame wako.