Makofi kwa Mlinzi wa Mashine

Niliishia darasa la tatu, sijui kutunga. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Ibaba, saa saba mchana, na akili zangu zote nilikuwa nazo.

Nina mashine ya kutotolesha vifaranga, niliinunua kwa viazi vyangu bila msaada wa mtu. Siku hiyo ilibeba mayai mia nne ya akina mama wa kanisani, siku ya kumi na tisa tangu yaingie. Yakipoa sana, vifaranga wanafia ndani. Asubuhi fundi Lameki kutoka Tunduma aliweka programu mpya ya kuamshia bodi inayoongoza joto, akaondoka bila kuizima na kuiwasha aone. Mchana umeme ukakatika, ukarudi. Mashine ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima.

Nikampigia simu.

"Mzee, ni mlinzi huyo," akasema.

Mlinzi ni kichipu kilicho nje ya bodi. Bodi isipokigusa kwa ishara ya umeme kila sekunde chache, kinajua imeganda, kinaiwasha upya. Sasa programu mpya ilichelewa kuamka, na wakati wa kuamka haikumgusa. Mlinzi akawa anaikatiza kila mara.

"Nikate waya wake?"

"Usikate, baba! Bodi ikiganda joto likiwa juu, utapika mayai. Nageuza gari."

Kugeuza kutoka Tunduma, na ukungu ule? Nikachukua koleo nikate waya.

Ndipo akaingia mama mmoja mzee, simjui. Nje manyunyu, kitenge chake kikavu. Akachuchumaa, akapiga makofi ya salamu, kama tunavyowasalimia wakubwa huku kwetu. Lakini aliielekea mashine.

"Mama, mwenye nyumba ni mimi."

"Wewe nimekuona. Namsalimia anayelinda."

Akapiga tena, akatulia, akapiga. Niamini: viganja vilikutana, sauti haikutoka. Na taa ya bodi haikuzima, kana kwamba makofi yale ndiyo yanamgusa mlinzi. Ungefanya nini? Niliweka koleo chini.

"Mgeni wenu, huyo mliyemweka asubuhi, anaingia ndani bila salamu," akasema, "ndiyo maana anatolewa. Nimechoka. Nipokee."

Mimi sipangiwi kazi nyumbani kwangu. Lakini mayai yalikuwa ya watu. Nikachuchumaa, nikapiga. Makofi mawili ya kwanza yalilia. La tatu halikulia. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka bodi ikaamka, ikaanza kumgusa mlinzi yenyewe, na joto likapanda. Nilipogeuka, mama hayupo. Mlangoni tope halikuwa na alama ya mguu.

Lameki alifika jioni, akairekebisha programu imguse mlinzi tangu umeme unapoingia, na katikati ya kila hatua ya kuamka. Alikiri alisahau kwamba mlinzi huyu, kwa kuwa yuko nje, anaanza kuhesabu kabla bodi haijafumbua macho. Vifaranga walitoka karibu wote.

Ila viganja vyangu havilii tena. Nimekwenda hospitali Vwawa, wakasema mikono mizima. Msibani Itumba nilichuchumaa mbele ya kaka wa marehemu, nikapiga. Akaniangalia.

"Siku hizi umekuwa mkubwa, hata makofi unatunyima?"

Nilinyanyuka nikakaa nyuma, na sasa misibani namtuma mke wangu.

Kwa hiyo ukibadilishiwa programu ya kuamshia, fundi asiondoke kabla hajazima na kuwasha mbele yako. Muulize nani anamgusa mlinzi mashine ikiwa bado inaamka. Na akiingia mtu usiyemjua akakuambia umpokee, yaache mayai yapoe.