Salamu Nilizoziruka

Mdogo wangu wa mwisho ni mwanahistoria chuoni, Dar es Salaam. Mama alipomfuata baba kaburini, mimi nikiwa darasa la sita, niliacha shule nikawalea wadogo zangu wote watatu kwa kuuza vitumbua. Sasa kila mmoja ana kwake. Nyumba ya Isevya, hapa Tabora, nimebaki nayo peke yangu.

Mwaka jana huyo wa mwisho aliomba ufadhili wa kuchunguza nyaraka za njia ya misafara. Akiupata, alisema, atakuja kukaa Tabora mwaka mzima. Nilipaka chokaa chumba chake kabla hajamaliza kujaza fomu.

Wafadhili walitaka kwanza kuona mfano wa nyaraka zenyewe. Bibi mmoja jirani, mjane wa mfanyabiashara, ana sanduku la bati lenye barua za zamani, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hazitoki nje, na picha za simu alikataa. Mdogo wangu hazisomi herufi hizo. Mimi nazisoma, kwa sababu madrasa sikuacha. Nikawa nakwenda kila siku baada ya adhuhuri, nanakili kwenye daftari.

Nilinakili barua zote, nikamtumia. Akapiga simu. Mbona kila barua inaanzia katikati?

Nilimweleza kwamba juu ni salamu tu, nusu ukurasa wa kumsalimia fulani na fulani, ndipo mtu aseme alilonalo. Hakuna asiyezijua.

"Dada, hizo ndizo ninazozitaka," alisema. "Bei za pembe za ndovu tunazo. Watu ndio hatuna."

Nilirudi kwa bibi nimeinamisha kichwa. Alinisikiliza, akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Yaani mwanangu, watu wazima wanakusalimia, wewe unapita tu?"

Nikaanza upya. Nisalimie mke wangu na mama yake. Nisalimie wapagazi wawili waliorudi na vidonda vya mabega. Nisalimie mtoto tuliyemwacha Puge na homa, kama yu hai. Nilikuwa nasoma kwa sauti, na bibi kila nikitua aliitikia, "Zimefika." Ilichukua wiki tatu. Sikuruka hata mmoja.

Ufadhili ukatoka. Alinipigia asubuhi, vitumbua viko jikoni, sauti yake kama ya siku aliyofaulu darasa la saba. Nikamuuliza anakuja lini, ninunue godoro.

Akasema wafadhili wameridhika sana na kazi ya Tabora, imekamilika, hakuna cha kuongeza. Fedha wameielekeza kwenye nyaraka zilizobaki, ambazo ziko Ujerumani. Anaondoka mwezi ujao.

"Umenifanyia kazi yote, dada."

Nilimwambia ahsante Mungu, na huko kuna baridi, asisahau sweta. Kisha nikavigeuza vitumbua. Upande mmoja vilikuwa vimeungua, nikavitenga vya kula mwenyewe.