Samaki wa Lima Alivyokaangwa Kilindoni

Hebu fikirini mkeka umetandikwa barazani Kilindoni, nasi majirani tunasubiri chakula cha Lima, mji mkuu wa Peru. Binti wa mwenyeji wetu alikuwa ametoka kutembea huko. Alitusimulia masoko yake: samaki mbichi hukatwa vipande vidogo, akakamuliwa ndimu, akatiwa vitunguu na pilipili, na watu wakamla papo hapo kwa kiazi kitamu. Siku hiyo alimwandaa samaki aina ya changu vivyo hivyo, akafunika bakuli, akaenda kuoga.

Mama yake akaleta sinia la samaki wa kukaanga. Tukatazamana.

“Mbona huyu ni wa hapa hapa?” jirani akaninong'oneza.

Binti akatoka, akashika kichwa. “Mama! Yule alikuwa ameshaiva!”

“Ameiva kwa moto upi?”

“Kwa ndimu.”

Mama akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kupima homa. Kwetu samaki hutiwa ndimu akisubiri karai. Alidhani mwanawe amesahau kumalizia.

“Masikini watu wa Lima,” jirani akasema, “mkaa umewapandia bei?”

Tulicheka, ila binti hakucheka. Alitaka tuonje cha huko alikotembea, na sisi tumekula cha kila siku. Mama akaliona hilo.

“Kesho nunua mwingine, mwanangu. Nitakaa kando, sitagusa kitu.”

Mimi bado sielewi samaki anaivaje bila moto. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja: mtoto akirudi kutoka mbali, muulizeni kwanza, ndipo muwashe jiko.