Miaka Mitano Niliyoikata

Nesi kaniletea daftari na kalamu. "Bibi, tuandikie habari za mdogo wako, tuwe tunawasomea akina mama wanaokuja kupimwa." Za mdogo wangu! Hata kwenye maradhi niliyoyaugua mimi mwenyewe, anayetakiwa ni yeye. Shule nilisoma miaka mitatu tu, mwandiko wangu utadhani kuku kaparura, lakini nitaandika, maana nikimwachia yeye atajisifu.

Nilimtangulia kwa mama yetu kwa miaka mitatu. Yeye alizaliwa na shingo ndefu na vidole vyembamba, mimi nikazaliwa na kichwa kigumu. Wageni wakiingia, walimnyanyua yeye, mimi nikatumwa maji. Nguo zangu kuukuu alizozirithi zilimpendeza kuliko zilivyonipendeza mimi zikiwa mpya. Mtu utakosaje wivu?

Tulikwenda pamoja kuomba kazi kwenye kiwanda cha sare za shule. Karani akasema wanataka wasichana wasiozidi miaka ishirini na mitano. Mdogo wangu alikuwa na ishirini na minne, mimi ishirini na saba. Vyeti hatukuwa navyo. Umri ulikuwa wa mdomo. Ningesema ishirini na minne ingetosha, lakini kulingana naye sikutaka. Nikasema, "Ishirini na miwili." Mdogo wangu akanitazama, akafunga mdomo wake. Karani akaandika. Hapo nikawa mdogo wa mdogo wangu.

Kiwanda kizima kikamwita yeye Dada, mimi wakaniita Kadogo. Nilitembea mabega juu wiki nzima. Kisha yeye akapewa kushona kola, maana kola ikipinda shati zima limeharibika, na mimi nikapewa vifungo. Miaka ishirini na sita yeye kola, mimi vifungo! Mbele za watu aliniita "mdogo wangu" na midomo yake haikucheza hata kidogo. Nyumbani tukishafunga mlango ndipo nilipokuwa dada. Sikumshukuru. Nilidhani ananicheka moyoni.

Mwaka mmoja manesi walikuja kiwandani kupima matiti. Wakaomba ofisini majina ya wanawake waliofika miaka hamsini, orodha ikabandikwa kwenye mlango wa chumba cha kulia. Mdogo wangu alikuwamo. Mimi sikuwamo, kwa sababu faili langu lilisema arobaini na minane. Wenzangu wa meza ya vifungo wakacheka: "Kadogo, msindikize bibi yako!" Na mimi nikampigia kelele, "Nenda, bibi kizee, ukapapaswe!"

Na huku mimi mwenyewe nilikuwa na mwezi wa nne nimelificha jambo. Titi la kushoto, karibu na kwapa, palikuwa na kitu kigumu kama kifungo cha koti. Hakiumi. Nikajiambia, kisichouma si ugonjwa. Na ile foleni ningeingiaje? Ningekuwa nimejivua miaka mbele ya watu, na heri kuvuliwa nguo.

Mdogo wangu akakutwa na uvimbe kama shanga. Ni saratani, lakini wameiwahi. Wakautoa, titi likabaki. Basi nikaona maajabu! Matunda hayakauki mezani. Msimamizi, mtu asiyesalimia hata mama yake, akaja na maua. Shemeji yangu akajifunza kupika. Nami nimekaa pembeni ya kitanda na uvimbe mkubwa mara nne ya ule wake, namwonea wivu mpaka bandeji.

Baada ya miezi miwili akarudi kazini. Asubuhi ya kwanza akapita mezani kwetu kusalimia. Macho ya fundi hayana adabu; yalikwenda moja kwa moja kwenye blauzi yangu.

"Mshono wa kushoto umeufumua," akasema.

"Nimenenepa."

"Umenenepa upande mmoja?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti, "Dada, simama twende."

Mikono yote ikaacha vifungo. "Dada nani?" mmoja akauliza.

"Huyu. Ananizidi miaka mitatu."

Nilitamani kumchoma mkasi. "Miaka yote hii umenitunzia siri, leo ndiyo unaniumbua?"

"Zitunze hizo hasira, dada. Utanitukana ukishapona."

Akanishika mkono mpaka zahanati, akamwambia nesi titi langu la kushoto limevimba. Mimi, kwa ubishi, nikamwambia nesi orodha yao inaanzia hamsini. "Mama, mwenye uvimbe haulizwi orodha," akanijibu. "Panda kitandani. Una miaka mingapi?"

Kalamu ikangoja. Mdogo wangu akageuza uso, akatazama ukutani. Ameniachia mwenyewe! Angenisemea ningemkatalia, nikashuka, nikaenda zangu na kifungo changu. Huyu mwanamke ananijua mpaka anaudhi.

"Hamsini na mitatu," nikasema.

"Kumbe wewe ndiye mkubwa?"

"Mimi ndiye mkubwa. Na uandike kwa wino mzito."

Saratani yangu nilikuwa nimeichelewesha. Titi walilitoa lote. Yeye ana alama kama kidole, mimi nina kovu kama mshono wa gunia. Hata hapo kanishinda. Akaniletea wodini blauzi aliyonishonea mwenyewe, upande wa kushoto kaujaza pamba kwa ndani, usingejua lipi ni titi na lipi ni la fundi. Nikaivaa, nikamwambia kola imepinda. Haikupinda.

Sasa nina sabini na mmoja, yeye sitini na minane, na juzi mtu kauliza kama huyu ni binti yangu.

Nimemaliza. Zamu yako, wewe unayesomewa haya hapo kwenye benchi. Ukiulizwa umri usikate hata mwezi. Na kama una kitu unakificha chini ya nguo, mwonyeshe nesi leo, kabla hujatoka. Kisha pita mlango wa pili, tumekaa pale mimi na mdogo wangu. Mwambie kwa sauti, asikie vizuri, ni nani kati yetu anayependeza zaidi. Fikiri kabla hujajibu.