Usimpelekee mchongaji kitako cha bunduki: yaliyonikuta na rifle yangu ya .22

Wakuu, habari za Ijumaa.

Mie humu huwa nasoma tu na kuondoka. Leo naandika kwa sababu nimechoka, na ninachoandika sijakitia chumvi hata punje. Shahidi wangu ni hili shavu langu la kushoto, mtaelewa mbele ya safari.

Background kidogo.

Ni mwalimu wa sekondari, naishi Boko, Dar. Mama yangu mzazi anakaa Kigamboni ya ndani kabisa, kwenye shamba ambalo yeye na marehemu Baba walilinunua walipohama Masasi. Mahindi, mihogo, migomba michache, na matikiti msimu ukikubali.

Tangu Baba afariki, tumbili wamelichukua lile shamba. Sisemi wanaiba, wamelichukua. Anavunja hindi, anang'ata mara mbili, anatupa, anachukua jingine. Siku moja waliingia jikoni wakaondoka na mfuniko wa sufuria. Mfuniko! Wa kufunikia nini?

Dada yangu mkubwa, Agnes, yuko Mbagala. Akasema imetosha, shamba liuzwe na Mama ahamie kwake. Mama akasema hatoki. Mie nikajifanya mwanaume wa familia, nikaomba mwaka mmoja, mpaka mavuno mengine. Nikishindwa kuwaondoa tumbili, na mimi nasaini liuzwe.

Dada akakubali. Mama akaendelea kupepeta mchele wake.

Sasa, staffroom kwetu kuna jamaa mmoja mjuaji wa kila jambo. Ndiye aliyeniambia dawa ya tumbili ni rifle ndogo ya .22, semi-automatic. Ndogo, nyepesi, haina teke begani, na ukishapiga moja inayofuata inaingia yenyewe. Kwa silaha, bei yake inavumilika. Mwalimu anaweza kuinunua bila kuuza figo.

Alichosahau kuniambia ni safari ya kuipata.

Wakuu, kama hujawahi kuomba kibali cha silaha, kaa hivyo hivyo. Nilianza kwa mjumbe. Kutoka kwa mjumbe nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kutoka mtaa nikaenda kata, kutoka kata wilaya, wilaya wakanirudisha kata kwa sababu muhuri haukuonekana vizuri. Nikatoa alama za vidole. Nikapimwa na daktari kuthibitisha kichwani niko sawa, mtihani ambao leo sina hakika kama ningefaulu. Wakaja nyumbani kukagua sanduku la chuma lililofungwa ukutani. Wakawauliza majirani kama huwa nagombana na mke wangu. Jirani mmoja akajibu, "Hapana, huwa anagombezwa yeye."

Hilo nalo likaandikwa.

Halafu kibali cha wanyama waharibifu nacho kina ofisi yake, kwa sababu huwezi kuamka tu ukaanza kuwapiga tumbili.

Vingi kati ya hivyo nilivifuatilia Jumamosi, maana siku za wiki nafundisha. Na karibu kila Ijumaa jioni Mama, ambaye huniita Baba, alikuwa anapiga simu.

"Baba, kesho unakuja?"

"Mama, kesho nafuatilia ile bunduki."

"Haya."

Mazungumzo yalikuwa hayo hayo. Naomba mkumbuke hiyo simu.

Msimu wa kwanza ukapita niko kwenye mafaili. Tumbili wakavuna, Mama akaokota mabaki. Dada akanipigia kunikumbusha mwaka wangu unaisha lini, na sauti yake haikuwa ya utani.

Hatimaye nikaipata. Used, safi, kitako cha plastiki nyeusi. Nikaenda uwanja wa shabaha kujifunza, na hapo tatizo jipya likajitokeza.

Mie ni mashoto. Nimerithi kwa Baba. Bunduki nyingi zimetengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia: sehemu ya kuegemeza shavu ilikuwa upande usio wangu, kitako chenyewe kirefu kama cha mtu wa futi sita na nusu, na maganda ya risasi yanaruka yakikatiza mbele ya pua yangu. Maganda nilielezwa nitayazoea, ila kitako kinabadilishika. Cha mashoto kipo nje, kinaagizwa, unasubiri mpaka unasahau uliagiza nini.

Mjuaji wa staffroom akasema, "Mwalimu, kitako si mbao tu? Dar hii imejaa wachongaji, we unahangaika na meli!"

Nikaona ni wazo la maana. Nikauliza kituo cha polisi, nikaambiwa chuma kibaki kwenye sanduku nyumbani, kile kitako kitupu hakina namba, naweza kumpelekea fundi akakitumia kama kipimo. Sawa.

Nikaelekezwa kwa Mzee Lukas, Mmakonde, anachongea nyuma ya nyumba yake Mabibo. Ndiye aliyechonga kiti cha mchungaji kanisani kwetu. Nilimkuta amekaa chini, miguu imenyooka, tezo lake la kuchongea mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umebeba nini hicho, kasia?"

"Kitako cha bunduki. Nataka kama hiki, ila kifupi kidogo, na shavu lilale upande huu. Mie mashoto."

Akakigeuza geuza. "Plastiki," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Nikapendekeza mninga. Akanitazama kwa huruma, akasema mninga ni wa makabati. Akaniambia nirudi Jumamosi.

Nilirudi Jumamosi nne, wakuu. Kila nikifika ananiwekea stuli, ananipa chai ya tangawizi, anapima bega langu, anapima shingo, halafu tunapiga stori. Kwenu wapi? Masasi. Masasi ipi? Nani alikufundisha kulenga? Nikamwambia Baba, kwa manati, naye alikuwa mashoto. Mmefanana? Nikamwambia watu wanasema hivyo. Alikuwaje? Basi nikafunguka: kipara, masikio makubwa, pengo la juu, na alivyokuwa akikunja mdomo akisikiliza taarifa ya habari kama vile mtangazaji anamdanganya.

Nilijua tunapiga stori. Nilijua ni ukarimu wa watu wa Kusini, nikajisikia niko nyumbani. Kumbe mzee wa watu yuko kazini muda wote!

Jumamosi ya nne akanitolea kitu kimeviringishwa kwenye gunia. Nikakifungua.

Mpingo. Mweusi, unang'aa. Na upande wa kulia, pale pale ambapo mtu wa mashoto anaegemeza shavu lake la kushoto, amekaa Baba yangu. Kipara, masikio, pengo, na mdomo umekunjwa vile vile. Huyu mzee hajawahi kumwona Baba hata kwenye picha. Alikuwa anautazama uso wangu na kuusikiliza mdomo wangu, mengine akajazia mwenyewe.

Nikatamani kulia na kugombana kwa wakati mmoja.

"Mzee Lukas, mie nilitaka kitako kitupu."

"Mpingo kama huu niuache mtupu? Watu wakiuliza nani kachonga, utawaambia jina langu?"

"Lakini hapa ndipo shavu linapokaa!"

"Ndiyo. Si ulisema yeye ndiye alikufundisha kulenga?"

Na kweli, hakuna mahali nilipomwambia asichonge kitu. Wewe ukimwita fundi bomba, unaanza kwa kumkataza asikuchoree maua kwenye mabomba? Kosa langu ni kwamba nilimpelekea kazi ya mbao mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuiacha mbao ikae kimya.

Kuanza upya sikuwa na muda, mahindi ya Mama yalishaanza kubeba. Nikakifunga. Kiliingia sawasawa kwenye chuma, kazi ya mzee haina walakini. Ila mpingo ni mzito, na ile rifle niliyoambiwa ni nyepesi ikawa kama nimebeba mchi wa kinu.

Nikaenda kujaribu shabaha. Kila nikilenga, pua ya Baba inanichoma shavuni. Baada ya nusu saa nikatoka pale na shimo dogo jekundu chini ya jicho. Nilipofika nyumbani mke wangu akashtuka.

"Nani kakupiga?"

"Baba."

Alienda kulala chumba cha watoto siku ile, akicheka peke yake.

Haijaisha. Likaja zoezi la uhakiki wa silaha, kila mwenye bunduki aipeleke ikaguliwe. Afande akaangalia namba, sawa. Akasoma maelezo: kitako cheusi, plastiki. Akaigeuza bunduki. Akamwita mwenzake. Mwenzake akawaita wengine wawili. Afande mmoja mwanamke akaniangalia, akaangalia kitako, akaniangalia tena. "Jamani, huyu si ndo huyu huyu akizeeka?"

Nikaandikishwa barua ya maelezo ya ziada. Nimesomea ualimu, nimeandika ripoti za kila aina, ila sijawahi kuteseka kama siku niliyojaribu kueleza kiofisi kwa nini bunduki yangu ina mzee.

Mpaka hapo nilikuwa na hasira na kila mtu: mjuaji wa staffroom, Mzee Lukas, wenye mihuri, na tumbili.

Basi, Jumamosi moja asubuhi vibali vyote vikiwa mfukoni, nikavuka daraja la Kigamboni mpaka kwa Mama. Dada Agnes alikuwa ameshafika. Mwaka wangu ulikuwa umeisha wiki ile, na alikuja kusikia neno langu. Nusu ya chini ya shamba ilikuwa mabua matupu.

Nikawaambia subirini, leo mtaona. Nikaitoa bunduki kwenye begi lake, bila risasi, nikaishika mbele ya Mama kama fundi seremala anayemwonyesha mteja kabati.

Mama hakuangalia mtutu. Alikiangalia kitako.

Akanyoosha mkono, akampapasa Baba kipara kwa kidole kimoja. Akafika kwenye pengo, akasimama hapo. Akashika ncha ya kanga yake akafuta macho, kisha akafuta na kile kitako, maana alikuwa amekidondoshea machozi.

"Nani kamchonga?"

Nikamwambia.

"Anamjua?"

"Hapana Mama. Nilimsimulia tu."

Halafu akanyoosha kidole kwenye benchi la miti kule mwisho wa shamba, chini kabisa, ambalo sijui kwa nini nilikuwa nimelisahau.

"Alikuwa anakaa pale na redio yake. Bunduki hakuwa nayo. Jiwe hakurusha. Tumbili wakiona mtu amekaa, hawaji."

Dada akainamisha kichwa.

"Na wewe mwaka mzima nakuuliza, kesho unakuja? Unaniambia unafuatilia bunduki."

Hakugomba, wakuu. Angegomba ningepata pa kujitetea. Alisema taratibu, kama anayenikumbusha nilisahau mwavuli.

Mie mtu mzima, naogopwa na wanafunzi, nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi la gari.

Nilihesabu zile Jumamosi. Za kata, za wilaya, za uwanja wa shabaha, za chai ya tangawizi Mabibo. Nilikaa Jumamosi nne namsimulia mtu baki habari za Baba, na Mama yuko kule Kigamboni anakula peke yake. Kama nusu ya hizo ningezikalia pale kwenye benchi na madaftari yangu ya kusahihisha, angalau mahindi kidogo yangebaki. Na Mama asingekuwa anaongea na kuku.

Niliporudi ndani, dada akaniuliza, "Sasa tunafanyaje?" Nikamwambia Jumamosi zangu, Jumapili zake baada ya kanisa. Akasema tujaribu mpaka mvua zijazo. Neno kuuza halijatajwa tena mpaka leo.

Kitako Mama hakunirudishia. Kiko sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma. Bunduki imerudi kwenye plastiki yake na imelala kwenye sanduku la chuma Boko. Kibali kipo, risasi zipo, na sijampiga tumbili hata mmoja. Nikikaa kwenye benchi huwa wanakuja mpaka kwenye mikorosho ya jirani, wananitazama, wanaondoka. Mmoja nina hakika ndiye wa mfuniko.

Nilichojifunza: kabla hujaingia gharama na foleni kwa ajili ya mzazi, muulize kwanza anataka nini, na ukishamuuliza, usikilize. Mie nilikuwa naulizwa kila Ijumaa na bado sikusikia.

Kwa wataalamu wa silaha humu: mwenye kitako cha kawaida cha mashoto, kitupu, kisicho na sura ya mtu yeyote, anijuze hapa chini. Sina haraka nacho. Na wale wenye wazazi wanaokaa peke yao shambani, tuambiane nyie mmejipangaje, mie bado najifunza.

Niishie hapo nikalale mapema. Mama leo hajapiga simu kuuliza. Siku hizi hapigi, anajua nakuja.