Tiketi Sita za Lavelle

Lavelle Stroud alichagua chuo cha kuchezea mpira wa kikapu akiwa jikoni kwa bibi yake, mjini Kokomo, mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari ikimrekodi. Mezani palikuwa na kofia mbili, atakayoivaa ndiyo chaguo lake: ya chuo kilichokuwa nusu saa tu kwa gari, na ya chuo cha Montana, mbali kule magharibi. Hakuwa amekanyaga hata kimoja, kwa kuwa korona ilifunga milango. Kocha wa Montana alimtembeza kwa video, akamwonyesha uwanja na milima. Wahenga walisema kibaya chajitembeza, na hiki kilitembezwa kwa simu. Lavelle akavaa kofia ya Montana, na Bibi Odessa, aliyemlea tangu utotoni, akapiga makofi peke yake.

Msimu mzima kijana alikaa benchi, mwisho kabisa, viti vimeachanishwa hata wa kunong'ona naye hakuwepo. Bwenini alikula peke yake, chakula kikiachwa mlangoni. Upweke ulimtafuna, lakini bibi akipiga simu aliambiwa mambo ni shwari.

Mwezi Machi timu ikafuzu, na mashindano yote ya taifa yakapelekwa Indianapolis, mwendo wa saa moja kutoka Kokomo. Wachezaji walifungiwa hotelini, kila mtu chumba chake, marufuku kukutana na jamaa. Ila kila mmoja alipewa tiketi sita za watu wake, wakae juu kabisa jukwaani. Lavelle alizigawa zote kwa Colby Henning, nyota wa timu, mwenye mashangazi wengi kama utitiri. Hilo ndilo kosa la watu wa benchi, hudhani tiketi ni haki ya wanaocheza. Bibi akaambiwa kwamba mwaka huu jamaa hawaruhusiwi. Kusema kweli kijana aliona haya. Hakutaka bibi yake aje kumtazama amekaa.

Wakachapwa vibaya. Zikiwa zimebaki dakika mbili, wako nyuma kwa pointi ishirini na sita, kocha akamwita. Akaingia, akapewa mpira pembeni, akarusha kutoka mbali, ukazama kikapuni. Mashangazi wa Colby wakapiga makofi ya adabu. Lavelle akatazama juu akitafuta uso anaoujua, na kati ya wale wote hakuna aliyekuwa wake.

Alipofika chumba cha kubadilishia nguo, simu ikaita.

"Nimekusikia redioni, baba," bibi akasema. "Pointi tatu."

"Uko nyumbani?"

"Niko hapa nje, kwenye maegesho. Runinga hata nyumbani ipo. Nilitaka kuwa karibu tu."

Kati yao palikuwa na ukuta mmoja, na basi la timu lingetokea mlango wa nyuma.

"Bibi, tiketi zilikuwepo. Nilizigawa."

"Najua. Kuna akina mama wamepita na fulana za chuo chako, nikawauliza wameingiaje. Wakaniambia kuna kijana mmoja mwema wa benchi, hana watu wa kuwaita."

Lavelle akakaa chini.

"Umekasirika?"

"Sana," akasema Bibi Odessa. "Kwani nani alikwambia nilikuwa nakuja kuangalia mpira?"