Kabla ya Saa Kumi Jioni

Mkono wa kura niliuinua mwenyewe, hakuna aliyenishika. Nilikuwa diwani, na baraza letu lilikuwa linapitisha sheria ndogo: marufuku kunywa pombe kabla ya saa kumi jioni. Nilisema kwa ukali kuliko wote. Kaka yangu alifia Arua kwa waragi, ile pombe kali, na kila asubuhi niliwapita vijana wamelala chini pale senta, penye maduka, kama magunia. Serikali isipowafundisha adabu, nikauliza, nani atawafundisha? Walinipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Wiki ya tatu baada ya sheria kupita nikaenda kijijini Kuluba kumtazama mama. Magugu yalikuwa yamefunika karanga zake. Zikikaa hivyo siku nne tu, mwaka mzima hana mbegu wala chakula. Kwa hiyo alikuwa ameita majirani, kama tunavyoita kwetu: unapika kwete, pombe ya mahindi na mtama, watu wanakuja na majembe yao alfajiri, wanalima, wanakunywa, wanalima tena. Hakuna mshahara zaidi ya hiyo kwete. Kesho na wewe unaitwa kwa mwenzako.

Saa tatu asubuhi polisi wawili wakaingia shambani. Mmoja akafunua mtungi, akanusa.

"Mama, saa hii pombe iko kosa."

"Hii iko chakula ya watu wa jembe," mama akamjibu.

"Basi diwani iko hapa, tumuulize yeye. Mheshimiwa, tumwage ama tuache?"

Watu ishirini waliacha kulima wakanitazama. Nikisema waache, kesho kila mlevi wa senta ataniuliza mama yangu ni nani hata sheria impite. Hasira ilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Ulevi nauchukia mpaka leo. Lakini siku ile barazani, na domo langu lote, sikuuwaza mtungi wa mama hata kidogo.

"Sheria ni sheria," nikasema.

Wakamwaga. Majirani walisuuza vibuyu, wakaviweka mlangoni, wakaondoka mmoja mmoja. Walikuwa hawajafika hata robo ya shamba.

"Nimewaita watu, nimewarudisha na kiu," mama akasema. "Nani atakuja tena?"

Alirudi kwenye mstari wake akainama. Nilivua viatu, nikachukua jembe, nikaenda kusimama kando yake. Hakuinua kichwa.

"Wewe sikukuita," akasema.